Bibi Nyuki wa Kundi la Visu

Jumatatu, 3 Machi

Mkunga amechoka. Ametangaza mwenyewe asubuhi hii, kabla hata sijatia maji kwenye birika. Miaka yote hii yeye ndiye aliyekuwa akifungua Pembeni kila kukicha, na sasa anasema mgongo, miguu, wajukuu, basi. Jumapili tutachagua Mfunguzi mpya.

Nimekaa chini. Kwenye kochi la wakili, aliloniletea niliwambe upya, maana ndilo lililokuwa karibu.

Nieleze, ili nikifa shajara hii ikasomwa, nieleweke. Sisi ni kundi la simu la wapenzi wa visu vya kukunja. Vile vya zamani, vya mfukoni, mpini wa mti au wa pembe. Tuna vyumba viwili. Cha kwanza kinaitwa Makali. Humo ni visu tu. Ukimuuliza mtu hali yake, umekosea. Cha pili ni Pembeni. Humo ni kila kitu duniani isipokuwa visu: magoti, mapaa yanayovuja, wakwe, kuku. Neno "kisu" likikuponyoka Pembeni, Mkunga anakufungia mdomo hadi Jumatatu inayofuata. Unasoma, huandiki. Na usijaribu kumlilia. Mwanamke aliyezalisha nusu ya mji hatikisiki kwa kilio cha mtu mzima.

Ukweli usemwe, Makali siku hizi kumepoa. Watu wote wako Pembeni. Na Mfunguzi ndiye anayesalimia wa kwanza na kutupa swali la siku, kisha kundi zima linamjibu: umeamkaje, mzee, umeamkaje. Zima! Mimi tangu mama watoto aende kumsaidia binti yetu aliyejifungua mapacha, sijaulizwa na mtu nimeamkaje. Jana nilijiuliza mwenyewe, kwa sauti. Haikunoga.

Cheo hiki ni changu. Nakitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Mpinzani ni mmoja tu, Fundi Saa. Mzee mpole, anapendwa na kila mtu, na hajui hata kwa nini. Watu wa namna hiyo ndio hatari.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: waonje. Wakionja ufunguzi wangu, hawatataka mwingine.

Nikamuwahi Mkunga. Nikaandika: Ndugu zangu, furaha ni nini? Swali zito. Nilikuwa nimelipika tangu jana.

Kimya. Wamesoma, alama zinaonyesha wamesoma, lakini kimya. Mwishowe Dereva wa Lori akajibu kwamba yuko kwenye foleni ya mafuta, na furaha ni foleni kusogea. Basi.

Hapo akaingia Fundi Saa. Akauliza nani anajua kwa nini kuku wake anaichukia redio.

Loh! Kundi likalipuka. Mkunga akataka kujua kama ni jike au jogoo. Mwalimu wa Hesabu akauliza ni redio yote au vipindi fulani. Kumbe ni taarifa ya habari tu. Muziki unapita salama. Akisikia habari, anaidonoa. Dereva akasema huyo kuku ana akili kuliko sisi. Wakaomba sauti. Akawarekodia. Wakabishana hadi mchana juu ya kuku mmoja, na furaha yangu imelala pale juu, hakuna aliyeijali.

Nilisikiliza ile sauti. Kweli anakasirika. Nikairudia.

Wakili amepiga simu kuulizia kochi lake. Nikamwambia sponji bado inatulia. Haikuwa uongo kamili. Ilikuwa inatulia chini yangu.

Jumatano, 5 Machi

Mpango wa pili: mtego. Mtu akifungiwa mdomo wiki ya uchaguzi, hachaguliwi. Sheria ya Mkunga. Kwa hiyo Fundi Saa inabidi aseme lile neno, naye alitamke kwa hiari yake.

Kila mtu anajua anavyomenya chungwa. Kisu chake cha mpini wa pembe, ganda linatoka utepe mmoja mrefu bila kukatika. Ameshatuonyesha mara nyingi kule Makali. Nikamuuliza Pembeni, kwa upole kama malaika, huwa anamenyaje chungwa.

Akajibu: kwa subira.

Nikamuuliza subira na nini tena. Akasema na upendo. Nikamuuliza mkononi anakuwa ameshika nini hasa. Akasema chungwa.

Wengine nao wakajiingiza. Dereva akasema yeye anatumia meno. Mwalimu akasema yeye anamtazama mkewe kwa huzuni mpaka linamenywa. Mkunga akasema anatumia wajukuu. Wakacheka, wakacheka. Kumbe walikuwa wananichezea! Damu ikanipanda. Nikaandika: Jamani, kwani humo majumbani mwenu mmekosa hata kisu kimoja?

Nikalitazama lile neno. Nalo likanitazama.

Nikakimbilia kulifuta. Kidole kikateleza, likafutika kwangu tu. Kwao limebaki, linang'aa.

Mkunga alikuwa ameshaliona. Alifunga tu. Hadi Jumatatu! Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimeingia na jembe.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mateso.

Nimeamka, nimesoma, sijajibu. Wametaniana kuhusu soksi, kwamba zikienda kufuliwa mbili hurudi moja. Nilikuwa na neno zuri sana la kusema juu ya soksi. Limenifia kinywani.

Kisha, Mungu wangu, Dereva akauliza kuhusu kochi lake. Akikaa, springi zinalia, mpaka mama mkwe amesusa kukaa. Kochi! Mimi nimewamba makochi tangu sijaota ndevu! Wenyewe wananiita Makochi! Na nani akamjibu? Fundi Saa. Akamshauri atie mafuta. Mafuta! Kwenye kochi! Mama mkwe atainuka na ramani nyuma ya gauni.

Sikuvumilia. Pembeni nimefungiwa, lakini Makali niko huru, mradi niongelee visu. Na kisu cha kukunja nacho kina springi mgongoni, ile inayokibana kisichezecheze. Nikaona mlango. Nikaandika Makali: Wapendwa, kisu ambacho springi yake inalia mtu akikikalia, msikitie mafuta. Kigeuzeni miguu juu, toeni kitambaa cha chini, mkaze kamba, kisha muweke gunia kabla ya sponji.

Nilidhani Dereva ataelewa. Dereva hakuelewa. Watu wengine wakaelewa vibaya. Mwalimu wa Hesabu akauliza kamba ya aina gani. Mwingine, simjui vizuri, nadhani ni mfamasia, akafunga kisu chake kwa kamba ya katani, akatuma picha, akasema kweli hakilii tena. Ila hakifunguki. Wakagawanyika pande mbili, wa kamba na wa kupinga kamba. Makali hakujachangamka hivyo tangu mwaka jana.

Mkunga akaandika kwamba amekuwa na visu tangu usichana wake, na hii ni mara yake ya kwanza kusikia kisu chenye gunia. Akaniuliza kama nimekula.

Nilikula. Mkate, nimesimama.

Ijumaa, 7 Machi

Kwenye droo ya mama watoto mna simu yake ya zamani, na laini imo, bado hai.

Mpango wa tatu. Sijisifu, lakini huu ni mpango wa mtu aliyesoma. Mwanachama mpya ajiunge. Mwanamke, mtu mzima, mwenye busara, asiyemjua yeyote. Aingie Pembeni aniombee msamaha, mimi Makochi, kabla ya Jumapili. Mkunga hawezi kumkatalia mgeni. Nimempa jina Bibi Nyuki. Anafuga nyuki. Nyuki ni watu wa heshima, na hakuna kundini anayewajua.

Kikwazo kimoja. Kila mgeni lazima kwanza aonyeshe kisu chake Makali, kikiwa wazi, mkononi, mchana kweupe.

Mimi nina kisu kimoja. Na wote wanakijua. Chuma cha visu hivi si kile cha kung'aa milele. Kikikata limau kinafifia, kikikata kitunguu kinashika bluu, na madoa hayo hayafanani kwa visu viwili, ni kama sura ya mtu. Sisi tunajuana kwa madoa. Kukisugua kisu mpaka yatoke ni aibu kubwa kundini. Aliyewahi kufanya hivyo alihama kundi mwenyewe, bila kufukuzwa.

Nikakikunjua. Doa la kwenye ncha ni la malimau niliyomkatia mama watoto msimu ule alioshikwa na kikohozi, tukidhani ataondoka. Lile la katikati, bluu, ni la vitunguu vya harusi ya binti yetu. Walinikabidhi gunia zima nikalia mbele ya wageni, wakasema baba ana uchungu. Huku chini sijui ni nini. Machungwa tu ya kila siku, nusu yake, nusu yangu.

Nilikaa nacho muda mrefu. Kisha nikachukua steliwaya ya jikoni, nikasugua.

Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma. Kikatoka cheupe kama kijiko cha hoteli.

Mkono nao ulikuwa tatizo, wangu una manyoya. Nikavaa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Mfuga nyuki asiyevaa glavu ni nani? Nikapiga picha, nikatuma.

Kisha Fundi Saa akaandika: Pole sana, mama, kwa hicho kisu. Wakafuata wengine, pole, pole sana. Nadhani ndivyo wanavyokaribisha wanawake.

Wakamwingiza Pembeni. Na hapo sasa! Karibu mama, shikamoo mama, umeamkaje mama, nyuki hawajambo? Kila mtu! Simu ikawa inatetemeka mezani mpaka ikaangusha pini zangu za kochi. Nikajibu wote, mmoja mmoja. Marahaba, mwanangu. Nimeamka vizuri, mwanangu. Kifua kikapata joto ambalo nilikuwa nimelisahau.

Jumamosi, 8 Machi

Bibi Nyuki ana mkono wa kuandika. Sikujua. Mwalimu alimuuliza mzinga mzuri ukoje, akajibu uwe na fremu ya mti mgumu, kitambaa kisichopauka, na pembe zipigwe pini vizuri zisifumuke. Wakamshukuru sana.

Kisha kazi. Bibi Nyuki akasema amesikia kuna mwanachama mmoja, Makochi, mtu wa hekima, mwenye sura nzuri pia, amefungiwa mdomo kwa kosa dogo. Je, hawezi kusamehewa?

Nikasubiri, huku nikigonga pini za kochi.

Mkunga akasema sheria ni sheria, hata angekuwa mumewe. Dereva akasema Makochi ni mtu wa watu, ila hatulii. Ukimpa kiti anataka kujua nani amekalia stuli. Mwalimu akasema roho yake ni safi, hila zake ndizo mbovu, hazijawahi kufika mwisho wa barabara. Ebo! Hila gani?

Halafu Fundi Saa. Akasema yeye uchaguzi ukianza alikuwa amtaje Makochi. Alikuwa ameshaamua tangu Jumatatu. Mke wa Makochi hayupo, akasema, nyumba imemzidi ukubwa, na mtu kama huyo ndiye anayefaa kusalimiwa asubuhi. Ila ameshajifungia mwenyewe kwa mdomo wake.

Nilisoma hayo nimesimama na nyundo mkononi. Nikaiweka nyundo chini. Nikaona haya, nikasikia na hasira, maana kama angesema mapema nisingemtegea! Hii ndiyo shida ya watu wema, hawatoi taarifa.

Kisha akaendelea: kwa kuwa Makochi hawezi, yeye anamtaja Bibi Nyuki.

Nani?

Dereva akaunga mkono. Mfamasia akaunga mkono. Bibi Nyuki akakataa, akasema yeye mgeni. Wakasema unyenyekevu huo ndio wanaoutaka.

Jumapili, 9 Machi

Bibi Nyuki amechaguliwa. Hakuna aliyepinga. Mimi mwenyewe nisingempinga, mwanamke hodari.

Mama watoto akapiga simu jioni. Akauliza nimekula, nikasema nimekula. Akauliza mapacha nimewasikia wakilia, nikasema nimewasikia. Kisha akauliza, taratibu, kwa nini laini yake ya zamani ina picha ya nyuki na imeandikwa "Mungu ni mwema, asali ni tamu". Nikasema huenda wezi. Akasema wezi wa asali? Akasema mwezi ujao atarudi, nivumilie, na nisiguse glavu zake za vyombo.

Sijui anajuaje mambo.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefunguliwa mdomo. Na leo Bibi Nyuki amefungua Pembeni kwa mara ya kwanza. Aliuliza: Je, mtu akiwa peke yake, aongee na nani? Nilitaka swali jepesi, likatoka hilo.

Wakamjibu wote. Umeamkaje, mama? Nikaingia na mimi, kwa simu yangu, baada ya siku zote hizo. Nikasema nimerudi jamani, hamjambo? Hakuna aliyeona. Walikuwa kwa Bibi Nyuki. Nikarudia. Dereva akaniambia nisubiri, mama anaongea.

Nimemwonea wivu mwanamke asiyekuwapo. Nimeandika hivyo na nimekuwa mkweli.

Mchana Fundi Saa akaja karakanani kwangu mwenyewe, kwa miguu, na machungwa kwenye mfuko. Sikuwa nimemtarajia. Akakaa kwenye kochi la wakili, akatoa kile kisu chake cha mpini wa pembe, akaanza kumenya. Utepe mmoja, haukukatika. Akanipa nusu.

Akaniuliza mke wangu anarudi lini. Nikasema mwezi ujao. Akaniuliza Bibi Nyuki naye atakaa mpaka lini.

Chungwa likanikwama kooni. Akanipigapiga mgongoni. Akasema walijua tangu Ijumaa, wote, Mkunga wa kwanza. Glavu ilikuwa imeegemea kitambaa cha kijani cha kochi hilihili alilokalia. Tena kile kisu, hata kikisuguliwa, wanakijua kwa msumari wa mpini wake. Zile pole hazikuwa za ukaribisho. Walikuwa wanakililia kisu.

Nikamuuliza kama walijua, kwa nini walimchagua. Akasema hawakumchagua yeye, walinichagua mimi. Sheria inamkataza Makochi, haijamtaja Bibi Nyuki, na Mkunga aliona hiyo ndiyo njia. Kesho, akasema, nifungue kwa jina langu. Watanisalimia.

Nililia. Nilimwambia ni vumbi la sponji. Akasema ndiyo, vumbi hilo ni baya sana.

Kabla ya kuondoka akakitazama kisu changu cheupe, akakitumia kukata chungwa lililobaki, akakirudisha bila kukipangusa. Akasema tuanze tena, taratibu.

Jumanne, 11 Machi

Nimefungua Pembeni. Kwa jina langu! Nimesema: Mmeamkaje, ndugu zangu? Leo swali ni hili: kitu gani kidogo nyumbani kwako kinakuudhi bila sababu?

Wametoka wote. Umeamkaje, Makochi? Umelalaje, Makochi? Mwalimu ana mlango. Mkunga ana mfuniko wa sufuria. Fundi Saa akasema kuku sasa ameanza kuichukia na saa ya ukutani. Mkono wangu umechoka kujibu. Sijawahi kuamka vizuri namna hii.

Jambo moja tu limeniharibia asubuhi. Hakuna aliyemuuliza Bibi Nyuki ameamkaje. Hata mmoja! Jana walimzunguka, leo wamemtupa. Nikamuuliza mimi, mbele ya wote. Akajibu ameamka salama. Lakini kwa maandishi yake niliona kabisa hayuko sawa.

Mwanamke peke yake, mizinga yote ile. Haifai. Mtu hapaswi kuishi hivyo, mimi nayajua. Anahitaji mume. Mtu mzima mwenzake, mtulivu, labda seremala mstaafu. Laini nimeshanunua. Kilichobaki ni kisu cha kuonyesha Makali, na changu hakiwezi tena kutumika, sasa wanakijua pande zote mbili.

Nimempigia Fundi Saa aniazime chake. Akauliza cha nini. Nikasema cha kumenyea chungwa. Akacheka mpaka akakohoa, akasema nije kukichukua saa yoyote, ila steliwaya niiache nyumbani.

Mzee mzuri sana yule. Hashuku kitu.